Msusi na Mume wa Kwenye Tamthilia

Msusi wa mtaani kwetu husuka kwa vidole huku macho na moyo viko kwenye televisheni. Mume wa kwenye tamthilia akitokea tu, msuko wako unavutwa na shingo inafuata. Mume huyo amemnyang'anya mkewe simu, amemkataza kwenda kwa dada yake, na sasa anamfungia ndani huku vinanda vinalia kama arusini. "Pasipo wivu hapana penzi," msusi anasema, machozi yakimlengalenga. Mimi naona vinanda vikizimwa anabaki askari jela aliyevaa suti, lakini nani amsikilize mwanafunzi kama mimi?

Jumamosi simu ya mteja aliyekuwa kitini iliita, nusu ya kichwa chake ikiwa bado haijasukwa. Mumewe alitaka azungushe kamera aone nani yumo. Akazungusha, akatuonyesha sote, mpaka ndoo ya maji. Kisha akamnong'oneza msusi, "Dada, mwambie hujamaliza. Niache nipumue kidogo." Msusi akaichukua simu, akalegeza sauti kama waigizaji wake. "Usiwe na wasiwasi, shemeji, anakuja sasa hivi." Akakata, akatabasamu. "Una bahati, mwenzangu. Wangu hata hajui leo nimevaa nini." Mteja alijifunga kitambaa juu ya nywele zilizobaki, akatoka mbiombio. Msusi alikuwa ameshageukia televisheni, akitusihi tumwambie amepitwa na nini.