Mchuzi wa Mama Yake Bosi

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Vitunguu ameshamenya ndoo nzima na bado hajapiga mswaki.

"Nikipiga mswaki mapema ulimi unanidanganya," anasema, kisu hakitulii mkononi. "Dawa ya meno na chumvi haviivi chungu kimoja."

Mama Vitunguu ndilo jina wanalomwita kazini. Ana miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia humu jikoni, nyuma ya mlango unaofungwa kwa kamba. Anakaanga vitunguu mpaka vigeuke kahawia, anamimina nyanya, anatupia mifupa iliyochomwa. Halafu anaongeza kitu kimoja, ambacho kabla ya kukitia mwandishi wa makala haya aliombwa ageukie ukuta.

Sufuria lake linalisha watu mia na ishirini. Kufika saa nane mchana limekauka, na wapo wanaorudi nyumbani wamenuna kwa kuukosa mchuzi.

Sasa toka jikoni, uingie ukumbini. Ukutani kuna picha kubwa ya bibi mwenye kilemba, anatabasamu. Ni marehemu mama yake mwenye mgahawa. Chini yake pameandikwa: "Mchuzi wa Mama. Siri ya familia yetu."

"Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu," anasema Mama Vitunguu. "Lakini kupika? Thubutu! Maji tu yalikuwa yanamuungulia. Alikuwa anakuja hapa kula, tena mchuzi wangu mimi."

Mwaka wake wa pili kazini, bosi alimwita pembeni. "Dada yangu, wateja wanapenda hadithi," alimwambia. "Wewe pika, hadithi niachie mimi." Akamwongezea mshahara kidogo, akamtaka aape kufunga mdomo hata nyumbani kwake, maana watoto wana maneno. Akaapa. Alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, angekataa aende wapi?

Basi mpaka leo mumewe na wanawe wawili wanajua kwamba yeye ni mmenya vitunguu, na harufu anayorudi nayo imewatosha kuwa ushahidi.

Kinachomuuma zaidi ni kwamba nyumbani hawezi kupika. Jumapili ndiyo siku yake ya mapumziko, na kila Jumapili anaingia jikoni kwa moyo mkunjufu. Mkono uliozoea watu mia na ishirini haujui watu wanne. Chumvi inatoka konzi nzima, mafuta yanaelea juu, viungo vinachoma koo.

"Baba watoto akila matonge matatu anasema ahsante mke wangu, nimeshiba. Nami mjinga nikaamini. Miaka!"

Mpaka siku alipokwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji machafu, akakuta mchuzi wake shimoni, umefunikwa majivu asiuone.

"Wamenifichia mchuzi kama watu wanaoficha msiba," anasema. "Nilikaa pale chini nikalia. Na mimi unavyoniona, vitunguu havijawahi kuniliza."

Mwaka huu kijana wake mkubwa alipata kazi. Mshahara wa kwanza akasema lazima awatoe wote wakale nje, na akachagua mgahawa huo huo, kwa kuwa mji mzima unausifia. Mama Vitunguu alikwenda kuomba ruhusa, kwa sababu pale watu wa jikoni hawakai ukumbini hata siku ya mapumziko, hata wakilipa.

Bosi alicheka. "Ukikaa wewe leo, kesho na mwosha vyombo naye atataka kukaa."

Mama Vitunguu akavaa aproni yake. Wanawe walikula, yeye akawachungulia kupitia dirisha dogo la kupitishia sahani. Baba watoto alifungua kifungo cha suruali. Binti yake mdogo, mwenye miaka kumi na saba, alipangusa sahani kwa mkate mpaka ikang'aa, akaomba nyingine.

Bosi mwenyewe akapita mezani kwao na hadithi yake. Baba watoto alisimama, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Poleni sana kwa mama," alimwambia. "Yule alijaliwa mkono."

Jikoni, mke wake alikuwa amejiziba mdomo kwa taulo la kushikia masufuria.

Waliporudi nyumbani binti yule akamjia, akakaa karibu, akasema kwa upole wa mtu asiyetaka kuumiza: "Mama, usikasirike. Kwa nini usimwombe bosi wako akufundishe?"

Mama Vitunguu anasimulia hayo huku akikoroga, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mwiko unasimama. "Ningemjibu nini? Nilimwambia nitamwomba."

Kesho yake alinunua sufuria dogo la watu wanne na kijiko cha chai cha kupimia. Sasa Jumapili anapima chumvi akiwa amekunja uso, mtu na akili zake, kama ndiyo kwanza anaolewa. Mchuzi wa kwanza haukukolea chumvi. Wa pili ukaungua. Jumapili iliyopita binti alionja, akapangusa ukingo wa sahani kwa mkate.

"Mama! Umebakiza kidogo tu uwe kama wa pale."

Anacheka akisimulia, lakini si kicheko cha kukutamanisha ucheke naye.

Mwandishi anamuuliza kwa nini asiwaambie tu. Anasema amejaribu, mdomo unagoma. Miaka kumi na saba ya kunyamaza si mchezo, na anaogopa wataona ni wivu wa mmenya vitunguu. Ndiyo maana amekubali mahojiano haya, kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe.

Na bosi je, akisoma?

"Huyo magazeti anafutia vioo. Akijua, na ajue. Mikono nitaondoka nayo mwenyewe."

Anaonja mchuzi kwa kuudondoshea nyuma ya kiganja, anatikisa kichwa, anaongeza chumvi konzi moja.

"Wewe niambie tu gazeti litatoka Jumapili gani," anasema. "Jumapili hiyo nitapika, halafu nitalitandika mezani, nitue sufuria dogo juu yake. Binti yangu hawezi kuona maandishi akayapita. Atalisogeza sufuria."

Linatoka leo.