Vipimo vya Kichwani

Mama mmoja mshonaji aliitwa Mama Vipimo kwa sababu hakuwahi kuandika kipimo cha mtu. Alikuzungushia futi mara moja tu, bega, kifua, kiuno, urefu, basi, vimeingia kichwani. Ukirudi baada ya miaka miwili anakwambia umenenepa kabla hujakaa. Alifanya hivyo miaka thelathini katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na alipenda kusema kuwa daftari ni la watu wenye kichwa kinachovuja.

Kisha chake kikaanza kuvuja. Chai ilikauka jikoni. Jina la mjukuu lilimtoka, akamwita "mzuri wangu," na mtoto akafurahi. Hayo aliyaficha. Lililomshinda kuficha ni gauni la harusi. Binti wa jirani alileta kitambaa cheupe, naye Mama Vipimo akasema hana haja ya kumpima, anamjua tangu sare ya shule. Akashona vizuri, kila mshono umenyooka. Binti alipolijaribu, gauni liligoma mabegani. Vipimo vilikuwa sahihi kabisa, ila vya mtoto wa darasa la sita.

Binti hakugomba. Alimpa pole fundi, akaliacha gauni mezani, akaenda kutafuta kitambaa kingine. Upole huo ulimuuma Mama Vipimo kuliko matusi.

Mwanawe akaamua cherehani iondolewe, mama apumzike. Mkwewe, mke wa huyo mwana, ndiye aliyeomba wasubiri. Alikuwa amesikia kwamba hospitali inatafuta watu wanaosahausahau, wajaribu tiba ya umeme mdogo kichwani. Wakakubaliana: jaribio likiisha bila nafuu, cherehani inaondoka.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Alieleza kwamba hawapasui wala hawachomi sindano. Mgonjwa anavalishwa kofia yenye sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, na umeme hafifu wa betri unapita dakika ishirini huku akifanya mazoezi ya kukumbuka. Ungemwasha ngozi kidogo tu.

"Na itasaidia, mwanangu?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana tunajaribu."

Mama Vipimo alimpenda kwa jibu hilo. Akasali kimoyomoyo, akavaa kofia.

Wiki sita alikwenda, siku tano kila wiki, mkwewe kando yake. Nyumbani mkwe alimtania kwamba sasa watachaji simu kwa mama na kuacha kulipia umeme. Akajibu kwamba aanze na ya mumewe, maana ndiyo isiyopokelewa.

Siku ya mwisho daktari alimsomea maneno kumi, akamwomba ayataje tena baada ya nusu saa. Mara ya kwanza alikuwa amekumbuka matatu. Safari hii alitaja matano. Daktari alifurahi lakini hakumdanganya: huenda ni umeme, huenda ni mazoezi, na huenda yasidumu.

Waliporudi nyumbani mwana alikuwa anangoja mlangoni, akauliza ni nafuu au si nafuu. Mkwe akafungua kinywa, mama akamzuia.

"Matano katika kumi," alisema mwenyewe. "Kwa matano huwezi kumshonea mtu gauni."

Mwana akatazama cherehani. Lakini mama alikuwa ameshatoa futi kwenye droo. Akamwita mkwewe asimame katikati ya chumba, akampima bega, kifua, kiuno, urefu, polepole, akisoma kila namba kwa sauti. Kisha akasema neno ambalo nyumba ile haikuwahi kulisikia.

"Andika."

Mkwe akaguna kwamba hana daftari. Mjukuu akaleta lake la hesabu, wakaanzia ukurasa wa nyuma. Mwana akaivuta cherehani karibu na dirisha, penye mwanga.

Kesho yake Mama Vipimo alimtuma mkwe kwa yule binti wa jirani, ambaye harusi yake ilikuwa bado. Aje, alisema, kama bado ana subira. Na safari hii apimwe.