Mbwa wa Mwidani na Dungu la Ngowa

Pale Mtongwe, upande wa Likoni, Mwidani alijulikana kwa kuezeka makuti na kuwinda kwa mbwa. Mbwa wenyewe walikuwa wawili, Yasikukere na Tuone. Mkewe, Nyamvula, hakutaka waikaribie nyumba. Kibanda chao kilikuwa nyuma ya mikorosho, na Mwidani hakugusa chungu mpaka ajitwahirishe. Mbwa wakimkurupua mbawala, yeye huwafuata mbio na upinde wake, miiba ikimchana, ili amwahi nyama kumchinja angali hai.

Ngowa, kakake Nyamvula, alikuwa mwindaji wa kuotea. Hupanda dungu, jukwaa la miti shambani, akatulia kama gogo mpaka nyama aje mwenyewe.

"Shemeji, wewe huwindi," Ngowa humwambia. "Wafukuzana tu."

"Nawe wawinda kwa matako," Mwidani hujibu, na barazani watu hucheka.

Mwaka wa sitini na moja, kabla ya ile mvua kubwa, mbawala dume alizoea kunde za Mwanabibi, shangazi yake Mwidani, mjane aliyelima peke yake. Asubuhi moja akamwendea mpwawe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kunde zaniishia, na wawindaji nnao nyumbani."

Mwidani akaenda na mbwa. Wakambumburusha dume kichakani, kando ya shamba, lakini badala ya kukimbilia msituni akakata katikati ya kunde, mbwa nyuma yake, Mwidani nyuma ya mbwa. Kwenye ua wa minyaa dume akageuka, akainamisha kichwa. Yasikukere, ambaye siku zote hutangulia, akaingia kwenye pembe. Mwidani alipofika alimkuta mbwa ubavu wazi, anakata roho. Mbawala alikuwa akitokomea, akichechemea, kwani Tuone alikuwa amemng'ata mguu wa nyuma.

Mwanabibi alilitazama shamba lake. "Yule alikuwa akila majani," alisema. "Nyinyi mmeng'oa na mizizi."

Mwidani akamzika mbwa wake. Jioni alikwenda kwa Ngowa, na hata salamu hazijaisha akasema, "Kesho nipandishe dunguni."

Alfajiri ya kwanza, kwenye dungu kando ya kunde za Mwanabibi, siafu walimpanda, akawapiga makofi, na kishindo kikasikika shamba zima. Ya pili, alikohoa. Ya tatu, kulipopambazuka, mbawala akatoka kichakani, mguu mmoja hakuukanyagia sawasawa.

Miaka yote ile Mwidani alikuwa akiwaona mbawala migongo na mikia. Hakupata kumwona mmoja amesimama. Sasa aliona madoa meupe kwenye paja, pua yenye umande, taya zikitafuna polepole, sikio likipunga nzi. Upinde ulikuwa mkononi, mshale umetiwa. Ngowa akamgusa kwa kiwiko. Mwidani hakuvuta.

Ngowa akavuta yeye. Nyama akaanguka, Ngowa akaruka chini na kisu: "Bismillahi, Allahu Akbar!" Mwidani alishuka akamshikia miguu, maana hilo hukatai.

Walipokuwa wakichuna, Ngowa akauliza, "Mbona hukupiga?"

"Nilikuwa namwangalia."

"Ndiko kuotea kwenyewe huko, shemeji."

"Basi huko wallahi mimi sikuwezi."

Mwanabibi alipelekewa paja na ini, na zile kunde zilizosalia akazipalilia upya. Nyamvula aliona ameipata nafasi yake. "Waache mbwa sasa," alimwambia mumewe. "Ngowa atakufundisha pole pole."

"Nikikimbia, sipati muda wa kumwona uso," Mwidani akajibu.

Nyamvula hakulielewa jibu hilo. Mashamba ya watu Mwidani akamwachia Ngowa, na yeye akawa anakwenda kuwinda na Tuone mbali, maporini. Baada ya mvua kubwa kupita alirudi na mbwa mwengine mchanga kutoka Ng'ombeni, na Nyamvula, huku akinung'unika, akamtafutia makuti ya kibanda.