Fulana ya Benegas

Selipher alimjua Benegas kupitia nguo zake, na anayefua nguo za mtu hadanganywi na magazeti. Kabatini zilining'inia jezi za miaka kumi na mmoja. Kulikuwa na ya Ureno, alikofika kutoka Paragwai akiwa kijana mwembamba, akafunga mabao kumi na manane. Kulikuwa na ya Italia. Ya Uhispania haikuwa hata na doa la nyasi, maana huko alikalia benchi msimu mzima. Halafu za Riyadh. Onesmus, dereva wa nyumba, alizitazama kama mtu aliye kanisani.

"Huyu ni straika wa Ulaya, Selipher."

"Wa Ulaya, na yai hajui kuchemsha," akajibu, pasi ikiendelea.

Alikuwa amemfanyia kazi miaka miwili na miezi minne. Mkataba ulisema ikitimia miwili aende likizo kwao Busia. Lakini kafili wake, mdhamini wake kisheria, alikuwa Benegas mwenyewe, na asipobonyeza ruhusa kwenye simu yake, hutoki nchini. Selipher alimwacha Stacy akiwa wa miezi minane. Sasa mtoto anaongea, na kwenye video anamwita mama yake auntie.

Kosa lilitokea walipohamia Jeddah, baada ya klabu ya Riyadh kuchoka na straika asiyefunga. Akitandika kitanda katika nyumba mpya ya Al-Safa, Selipher alikuta chini ya godoro fulana ya ndani, imekakamaa kama samaki wa kuanikwa. Akaifua. Atajuaje kwamba Benegas alifunga bao lake la mwisho akiwa ameivaa, na kwamba aliapa isiguswe na maji mpaka afunge lingine? Mwanaume mzima alilia. Akaivaa hivyo hivyo na unyevu wake, akaenda uwanjani, akafunga mawili.

Basi mikono ya Selipher ikawa dawa. Kabla ya kila mechi, fulana aifue yeye, asiiguse mwingine.

"Bosi, na likizo yangu?"

"Msimu ukiisha."

Mechi tano, mabao sita. Watu wakasema Benegas amezaliwa upya. Selipher alimwona akijibusu kwenye kioo, akamdharau mpaka akaacha kumchukia. Mtu aliyeshangiliwa na viwanja vizima ameweka roho yake kwenye beseni la mfanyakazi, halafu anamfungia mfanyakazi huyo mlango!

Alhamisi asubuhi Selipher alimwita bafuni. Walielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza.

"Bosi, kwetu bahati ikifuliwa na mkono wa mtu mwingine, inamhamia. Mimi nikiugua, imekwisha. Lazima mwenyewe ajifunze."

Benegas akageuka rangi. "Nifundishe."

"Nitakufundisha. Ruhusa kwanza."

Onesmus, aliyekuwa mlangoni, akanong'ona kwa Kiswahili, "We dada, unamdanganya staa?"

"Nyamaza. Kwetu kwenyewe hakujui, mila zetu atazijulia wapi?"

Benegas alibonyeza. Selipher alingoja ujumbe uingie kwenye simu yake, akausoma mara mbili. Ndipo akamsogezea beseni. Miguu ile iliyonunuliwa kwa mamilioni ikapiga magoti kwenye vigae.

"Hivi?"

"Kwapani, bosi. Sugua kwapani. Hapana, hiyo unaipapasa."

Povu lilimwingia machoni, akaomba taulo. Taulo lilikuwa karibu naye. Selipher alienda kupanga sanduku.

Wiki iliyofuata, akiwa Busia, alipata ujumbe wa Onesmus: "Jamaa amekosa penalti. Anauliza alikosea wapi."

Akaandika, "Mwambie hakusuuza," akaizima simu.

Stacy alikuwa amejificha nyuma ya kanga ya nyanya yake, anamchungulia. Selipher akaketi chini kwenye mkeka, chanuo mkononi, akangoja aje mwenyewe.