Digrii Sitini za Mkate wa Kumimina

Mama muuza mkate wa kumimina pale Makorora hakati bila bismillahi, na kisu chake huanzia kitovuni daima. Hufumba jicho moja, hukata, kisha hulamba kidole gumba kana kwamba ndicho kilichopima. Mteja wake wa kila asubuhi, Mwalimu Nehemia, siku moja alimjia na kipimapembe cha darasani. Akapima vipande vyote sita: kila pembe digrii sitini kamili.

"Mashallah, mama! Na mkate uwe mkubwa, uwe mdogo, pembe ya kitovuni haibadiliki!"

"Ati eeh?"

Kesho yake Nehemia alikabidhiwa kipande cha kuenea kiganjani. Mkate mzima ulikuwa umepikwa kwenye kisufuria cha chai, na bei ile ile. Akafungua mdomo alalamike. Mama akalamba kidole.

"Pima, mwalimu. Haijapungua hata digrii moja."