Sahani Chini ya Kawa

Mimi ni mtu wa maneno. Mama yangu husema nilizaliwa nikibishana. Ndiyo maana naona haya kusimulia jinsi nilivyokaa kisiwani Kudha, pwani ya Somalia, miezi miwili mizima nikilinyamazia jambo ninalolipenda kuliko yote.

Nilitoka Taita kwenda kufanya kazi ya uuguzi katika zahanati ya kisiwa. Chumba nilipewa kwa bibi mmoja mjane, Mbajuni asemaye 'mchu' badala ya 'mtu', msukaji wa mikeka, mfuga mbuzi mmoja, mwenye maneno kunishinda. Siku ya kwanza alinionyesha kitanda, kisha akanyoosha kidole ukutani. "Kibla chako ni huku, mwanangu." Nilikuwa nimevaa buibui kama wanawake wote wa pale, salamu nimeitikia vizuri, na mashua ya kutoka Kismayo imenichosha. Nikasema, "Ahsante, bibi." Maneno mawili tu, nikawa Mwislamu.

Kismayo niliambiwa nisiitangaze dini yangu barabarani, na hilo nililielewa. Lakini hakuna aliyenituma kumdanganya mtu aliyenilisha. Nilijiambia ni adabu ya mgeni. Uongo mtupu. Nilipenda kupendwa, basi.

Kwetu nilizoea kuongea na Mungu kama mtu aongeavyo na baba yake jikoni: nalalamika, nacheka, namweleza hata habari za kuku. Kudha nikawa nanong'ona harakaharaka, shuka usoni, na baada ya wiki chache nikakosa la kusema. Ulimi uliokwisha kudanganya mchana haukutaka kusali jioni. Nilimkosa Mungu, naye nina hakika hakuwa ameondoka chumbani.

Ramadhani ikaingia. Nikafunga nilivyoweza, yaani vibaya. Biskuti nilizificha zahanatini ndani ya boksi la pamba, nikawa nazitafuna nimeelekea ukuta. Nyumbani, kila adhuhuri, bibi aliacha sahani nyuma ya mlango wa jiko, imefunikwa kawa, ule mfuniko wa ukili aliousuka mwenyewe. Katika nyumba za kule sahani ya namna hiyo haiulizwi ni ya nani. Mwenye mimba, mwenye siku zake, mgonjwa, hula kimya akaenda zake. Mimi nilidhani anamwekea jirani, nikaipita kila siku huku tumbo likinguruma.

Wanawake wa mtaa walikuwa wakikusanyika kwetu kusali tarawehe. Alasiri moja tunakunja sambusa, habari ikaja kwamba mwenzao anayewatangulia katika sala amesafiri, bintiye kajifungua. Bibi hakusita. "Huyu wangu kasoma," akasema mbele ya wote. "Leo tutatanguliwa na yeye."

Wote wakafurahi. Mkono wangu ukabaki ndani ya unga. Siku zote nilikuwa nikisimama safu ya nyuma, nikiinama walipoinama. Aliye mbele hana wa kumtazamia. Na wale wanawake walikuwa wakimcha Mungu kweli; kuwachezea sala yao kungekuwa kumcheza Mungu shere nyumbani kwake.

Nikamvuta bibi jikoni. "Bibi, mimi ni Mkristo. Ulinionyesha kibla nikakubali, nikakosa. Nisamehe. Ukitaka nihame, kesho nitahama." Nilimpenda yule bibi.

Akaitazama kawa iliyotundikwa ukutani. "Sasa ile sahani huili kwani?"

"Sahani ni yangu?"

"Makombo ya biskuti nayaona kwenye buibui lako tangu siku ya tatu. Nikasema, mwanangu ana vidonda vya chumbo, aona haya. Kila siku nakuwekea wali na samaki, kila siku sahani nakuta tupu, nashukuru."

Tukageuka pamoja kuangalia dirishani. Mbuzi wake alikuwa amejilaza kivulini, ameshiba, hana habari na mtu. Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka.

"Mchu wa dini nyengine si tabu kwangu," akasema. "Mchu anifichao ndani ya nyumba yangu, huyo simchaki. Nenda kawaambie mwenyewe."

Nikaenda nikawaambia. Mmoja akajifunga mtandio, akainuka, akaondoka bila kuaga. Mwingine akauliza, kwa hiyo wao wakisali nitakuwa nafanya nini. Nikasema sijui. "Basi utatuchemshia chai," akasema, akaendelea kukunja sambusa.

Kesho yake adhuhuri nilimkuta bibi ameketi kando ya kawa, fimbo mkononi, anamzuia mbuzi. "Kaa," akasema. Nikakaa. Nikafumba macho, nikaanza kunong'ona kama nilivyozoea.

"Sikusikii," akasema. "Wasema na Mungu au waiba?"

Nikapaza sauti. Nikamshukuru Baba kwa samaki, kwa mikono ya bibi, kwa mbuzi pia. Maneno yakaja yenyewe, mengi, kama zamani, na machozi nayo yakaja. Nilipofika mahali pa kulitaja jina la Yesu nikasita. Kisha nikalitaja.

"Amina," akasema bibi, mwenye saumu yake, akanifunulia sahani.