Wifi Yangu na Viunzi Pacha

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alianza kupanda farasi akiwa na miaka arobaini na mbili, na wapo ndugu ambao mpaka leo wanadhani ni ugonjwa. Kwa kuwa mimi ni muuguzi, wakaniuliza kabisa kama una dawa. Nikawajibu kwamba dawa yake ni kumwacha. Lakini nisijitakase hapa. Nami nilimcheka, tena mbele yake, maana mawifi hawanyimani maneno.

Yeye ni fundi cherehani. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, ndani mna cherehani mbili, meza ya kukatia, na sare za shule zilizotundikwa mpaka darini. Ni mfupi na mwepesi, akikaa kwenye kiti cha wateja miguu haigusi sakafu. Siku moja aliitwa kwenye banda la farasi nje kidogo ya mji, akashone upya mablanketi ya turubai wanayofunikwa wanyama. Kazi ya siku mbili akaifanya wiki nzima. Kumbe kulikuwa na farasi mdogo wa kijivu, tumbo kama pipa, ambaye hakuwa na mtu tangu binti aliyekuwa akimtembeza aende chuo. Walimwita Karani, kwa vile alivyomtazama kila mtu kama karani aliyeulizwa swali wakati wa chai. Mwenye banda, mzee mkavu ambaye wote humwita Kocha, akamwambia wifi, "Mama, ukinishonea mablanketi yote ya mwaka, huyu mpande utakavyo."

Akampanda. Mara ya kwanza aliangukia bega, mara ya pili akaangukia makalio, mara ya tatu sijui aliangukia nini kwa sababu alikataa kusema. Hakuacha. Jumatano na Jumamosi, asubuhi kabla ya kufungua duka, alikuwa kule akizunguka uwanja. Kaka yangu akawa anawaambia rafiki zake, "Mke wangu ana mwanamume mwingine, na mwenzangu ana miguu minne."

Baada ya mwaka akaanza kuruka viunzi, zile nguzo za mbao zinazolazwa juu ya vishikizo ili farasi avuke bila kuziangusha. Akaingia mashindano ya chama chao, ya watu wa kawaida: mwalimu, dereva, muuza vipuri, na yeye. Hapa ndipo udaku wangu ulipoamka, maana lilizuka jambo ambalo hakuna aliyeweza kulieleza. Karani bandani aliruka kila kitu. Mashindanoni aligoma, na aligomea mahali pamoja tu, kwenye viunzi pacha.

Viunzi pacha ni viwili vilivyowekwa karibukaribu. Farasi anaruka cha kwanza, anatua, anapiga hatua moja ya mbio, anaruka cha pili. Karani aliruka cha kwanza vizuri, akatua, kisha akafunga breki mbele ya cha pili huku wifi akining'inia shingoni mwake. Akigoma mara tatu, unatolewa. Mashindano matatu katika miaka miwili, na yote yaliisha hapo.

"Anaogopa watu," Kocha akasema. "Mwoga huyo. Mchape."

Wifi akaanza kubeba kiboko, na akamchapa kweli. Nilipomwuliza mbona bandani haogopi pacha zilezile, akaniambia nikapime homa. Lakini swali halikuniacha. Nikawa naliwaza hata nikikunja bandeji.

Mwaka huu Kocha akachoka. Nafasi bandani zilikuwa chache, na kuna bwana mmoja anayezunguka na bembea za watoto aliyekuwa akimtaka Karani. Wifi aliwahi kuwaona farasi wa bwana huyo: wamefungwa kwenye mti wa katikati, wanazunguka kutwa na watoto mgongoni, ngozi imechubuka chini ya tandiko. Kocha akasema, "Mashindano yajayo ndiyo ya mwisho. Akigoma tena, aende kwenye bembea." Wifi akakubali. Kwa mdomo wake akamwambia bwana wa bembea aje na lori siku hiyohiyo. Wiki hiyo alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akaurudisha palepale. Nilimwonea huruma, na siyo kidogo.

Siku nne kabla ya mashindano nilipitia dukani kwake kuchukua sare yangu ya kazi. Fomu ya chama ilikuwa mezani katikati ya vifungo, na mimi karatasi ikiwa wazi siwezi kuipita. Niliona ameandika: kimo, sentimita 152.

"Kimo cha nini?" nikauliza.

"Cha Karani. Asiyezidi 148 ni poni, anashindana na poni wenzake. Akizidi ni farasi mkubwa. Karani amezidi, anaingia na wakubwa."

"Nani alimpima?"

"Mimi hapa, tangu mwaka ule wa kwanza. Tena tepu yenyewe iliisha kwenye 150, farasi bado hajaisha. Nikaongeza vidole."

"Ulimpimaje?"

Akaniona mjinga. Akachukua tepu yake ya kitambaa, akanionyesha kwenye mwili wangu: unaanzia chini kwenye kwato, unapanda na mguu, unafuata bega, unapanda mpaka kwenye kinundu, pale shingo inapokutana na mgongo. Tepu ililala kwenye mwili vizuri kabisa, kila pindo na kila mbonyeo.

Mimi kliniki napima vimo vya watoto kila siku ya Mungu. Mtoto anasimama ameegemea ubao ulionyooka, kibao kinashushwa utosini, unasoma. Nikamwambia, "Wifi, kimo hakifuati mwili. Ukimpima hivyo mtoto mwenye kitambi, atakuwa mrefu kuliko baba yake."

Lo! Nilichokoza nyuki. "Miaka ishirini na tatu nakata nguo," akasema, "leo uje wewe wa sindano unifundishe kushika tepu? Tepu isiyofuata mwili inapima nini, hewa?" Na kwa kazi yake alikuwa na haki. Fundi anayenyoosha tepu atashona gunia. Nikachukua sare yangu nikaondoka, na siku mbili hatukusemezana. Salamu zilipitia kwa kaka, ambaye alizifikisha zikiwa zimepungua.

Siku ya tatu nilikuwa kazini, foleni ya kina mama imefika mlangoni. Nikainua macho, wifi yupo katikati yao, hana mtoto, amekumbatia mkoba. Zamu yake ilipofika akasema kwa sauti ya chini, "Haya, nionyeshe."

Nikamsimamisha kwenye ubao, nikashusha kibao. Sentimita 149. Kisha nikachukua tepu yake mwenyewe nikampima anavyopima yeye, kwa mbele, juu ya tumbo na kifua. Tepu ikaisha kwenye paji la uso. Kina mama wakacheka, naye akacheka kidogo, halafu akakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Sasa kama ni poni," akasema, "mbona Kocha hakujua?"

Hilo nami nilitaka kulijua, kwa hiyo baada ya kazi tukaenda wote bandani. Kocha alikuwa akikagua kwato za farasi mkubwa mweusi. Alitusikiliza bila kuinuka.

"Kwenye chama hatumpimi anayesema farasi wake ni mkubwa," akasema. "Tunampima anayesema ni mdogo, maana ndiko wajanja wanakokimbilia. Fundi anayepima watu mwaka mzima akiandika 152, mimi nani nibishe?"

"Na poni wanaruka viunzi hivihivi?" nikauliza.

"Vifupi kidogo. Na pacha zao zinasogezwa karibu, maana hatua ya poni ni fupi. Ukiziweka kwa hatua ya farasi mkubwa, poni anatua mbali na cha pili. Akiruka ataivunja mbao kwa kifua. Mwenye akili atasi..."

Hakumaliza. Akauachia ule ukwato, akanyooka.

"Lakini bandani anaziruka!" wifi akasema.

"Bandani nani anaziweka?"

"Mimi. Si uliniambia nihesabu hatua kumi?"

Kocha akaitazama miguu yake mirefu, kisha ya wifi. Hatua kumi za Kocha zingeifikisha mbao ya pili mbali sana. Hatua kumi za wifi zilikuwa saizi ya Karani kabisa. Nilitamani kupiga kelele kwa furaha ya kulijua lile jambo, lakini nilimtazama wifi usoni nikaimeza.

Kocha hakuomba radhi, si mtu wa hivyo. Alisema tu kwamba fimbo rasmi ya kupimia iko kwa waamuzi, na kwamba bwana wa bembea ameshaambiwa aje. Neno ambalo wifi alilitoa mwenyewe, Kocha hakuweza kulirudisha.

Asubuhi ya mashindano tulifika wa kwanza. Fimbo yenyewe ni mti ulionyooka wenye mkono unaolala juu ya mgongo wa mnyama, sawa na ubao wangu wa kliniki. Mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alimsimamisha Karani kwenye sakafu ya saruji, akasubiri atulie. Wifi alikuwa ameshika hatamu na amefumba macho.

"Mia moja arobaini na sita," mwamuzi akasema. Akafuta jina kwenye karatasi moja, akaliandika kwenye nyingine.

Poni waliitwa saa nne. Nilisimama kwenye uzio nikiwa nimeshika mkoba wa wifi. Lori la bwana wa bembea lilikuwa limeshafika, limeegeshwa kinyumenyume, mlango wa nyuma wazi. Karani akaingia uwanjani na tumbo lake. Kiunzi cha kwanza, sawa. Cha pili, cha tatu, sawa. Akakata kona kuelekea pacha. Nilimwona wifi akikaa vizuri, mikono imelegea, mkononi hana kiboko. Karani akaruka cha kwanza, akatua, akapiga hatua moja, akaruka cha pili, wala hakujiuliza. Nilipiga vigelegele peke yangu uwanja mzima, watu wakageuka. Kiunzi cha mwisho akakigusa kwa mguu wa nyuma, mbao ikaanguka. Wakawa wa sita kati ya kumi na mmoja.

Bwana wa bembea alikuwa akingoja langoni na kamba mkononi. Wifi akashuka, akamwendea. "Kaka, nisamehe," akasema. "Nilikuambia ni mwoga anayegoma. Nilikuambia uongo bila kujua. Neno langu ni langu, lakini nakuomba uniachie."

Bwana akamtazama Karani aliyekuwa bado anahema. "Huyu niliyemwona anaruka vile?" akasema. "Dada, simtaki hata kwa zawadi. Nataka wa kutembea taratibu. Huyu atanirushia watoto wa watu." Akafunga lori lake akaenda.

Kocha akasema nafasi ya Karani bandani ipo. Nilidhani wifi angeruka yeye mwenyewe kwa furaha, lakini alifungua tandiko, akalitia kwenye gari la Kocha, akaanza kumwongoza Karani kwa miguu. Ni kilomita tatu mpaka bandani, jua la saa saba, na buti zake ndefu za kupandia farasi zilikuwa zimembana tangu asubuhi.

"Wifi," nikamwambia, "mbona humpandi? Utafika huna visigino."

"Leo hapana," akasema. Alikuwa analia, na hakuficha. "Nilimpiga. Miaka miwili, mbele za watu, kila aliponiambia ni mbali."

Nikapita upande wa pili wa Karani, tukamweka katikati, tukaenda hivyo mpaka bandani.